Punje Nyeusi

Biskuti za Chui ziliuzwa kwa Kiwelu, pale Kiusa:
pakiti ya njano, na chui amekalia herufi
kama mtu aliyekalia kigoda cha jirani.
Kwenye picha biskuti ilikuwa na madoa kumi na manne.
Mkononi matano. Sita, ukibahatika.
Aliyehesabu ni dada yangu Aikande,
na leo ni mkaguzi wa hesabu, msishangae.

Mama alichambua kahawa kiwandani.
Kutwa mbele ya meza ndefu, kitambaa kichwani,
vidole vikidonoa kama kuku aliyefunguliwa asubuhi:
nyeusi, toa;
iliyovunjika, toa;
iliyotobolewa na mdudu, toa.
Punje moja nyeusi, alituambia, inaharibu birika zima
la mtu wa Ulaya usiyemjua wala hutamjua,
naye atakutukana kwa lugha usiyoisikia.
Jioni alirudi Pasua ananukia gunia.
Nyumbani tulikunywa chai.

Siku ya mshahara alinunua pakiti moja.
Biskuti kumi na mbili, watu wanne;
Aikande keshagawa kabla karatasi haijachanwa.
Mama akavua viatu, akaketi kwenye kochi
upande ule ambao springi haichomi,
akachukua yake, huku anamsikiliza Baba
habari za bati, habari za ada,
na vidole, bila kutumwa na mtu, vikaanza kazi.

Toa. Toa.
Doa mojamoja likang'olewa kwa ukucha,
likapangwa ukingoni mwa sahani,
hata biskuti ikabaki matundu matupu
kama ukuta uliong'olewa misumari.
Ndipo akaila. Kavu. Akashushia na chai.

Sisi tulikuwa tumekwisha kuiona sahani.
Hatukuuliza; kuuliza kungemzindua.
Aikande alipitisha kidole mezani polepole
kama mtu anayefuta tone la chai,
na mimi nikafuta tone langu.
Makapi ya Mama!
Tuliyaficha chini ya ulimi mpaka yakayeyuka yenyewe,
tukaitikia "ndiyo, Baba" kwa midomo iliyofungwa.

Ikawa hivyo kila mwisho wa mwezi.
Baba alicheka mara moja tu:
"Mama Aikande, hiyo si kahawa."
Mama akaitazama sahani, haina kitu.
Akatutazama midomo.
"Nimezoea," akasema.
Mwezi uliofuata akachambua tena.

Tunabishana mpaka leo, dada na mimi, kwenye simu.
Yeye anasema ni mazoea, na ana ushahidi:
Mama huchambua mchele usio na mawe,
huchambua nyuzi za blanketi,
kanisani ameonekana akichambua shanga za mwenziwe wa mbele
wakati wa mahubiri marefu.
Mimi ushahidi wangu ni mmoja.
Ukingo ule wa sahani
siku zote ulikuwa upande wetu.

Juzi nilipanda basi kutoka Arusha kwenda kumwona.
Macho yake yameingia ukungu, wa jicho la kushoto hauondoki.
Nilimpelekea Chui. Siku hizi chui anacheka,
pakiti imepungua biskuti mbili, bei imepanda,
Kiwelu alishakufa, duka ni la simu.
Mama akaipapasa biskuti kwanza pembeni,
kama anayesoma sarafu gizani.
Nikanyamaza. Nikavitazama vidole tu.
Vilikuwa vimepinda, vinatetemeka kidogo,
vikasimama juu ya doa la kwanza,
vikalizunguka,
vikaling'oa.

Akauvuta mkono wangu, akaufungua kiganja,
akaliweka katikati.

"Hii mbovu," akasema. "Kula wewe."