Sentimita Themanini na Mbili

Hesabu imekataa.
Nje, kona hadi kona, mita kumi na nne na nukta sita.
Ndani: sebule, ukumbi, maktaba, unene wa kuta,
tumejumlisha mara tatu, Abeid na mimi,
na kila mara sentimita themanini na mbili hazipo.

"Nyumba imetuibia," anasema Abeid,
na futikamba inajikunja mkononi mwake kwa kelele.

Ni nyumba ya Waingereza, nyuma ya Bustani ya Mimea.
Mwenye kiwanja anataka ghorofa ishirini na mbili,
manispaa inataka mchoro kabla ya vumbi.
Basi tunachora:
madirisha ya kupandishwa kwa kamba,
yaliyogoma tangu masika fulani yavimbishe fremu;
sakafu ya mvule; vigae vya Mangalori,
sita katika kila kumi vimepasuka;
na sebuleni, ewe Mola, meko ya ukutani
na dohani yake, imepanda hadi juu ya paa.
Dar es Salaam! Mji ambao Februari
hata mjusi hutafuta kivuli chini ya gari.
Nimeingiza mkono: hakuna masizi,
hakuna alama hata ya kijiti kimoja cha kiberiti.
Mtu alipanga matofali yote yale
kwa ajili ya kuikumbuka baridi.
Nikacheka. Nikapima upana, kina, kimo.

Lakini zile themanini na mbili.

Abeid anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua nazi sokoni: du, du, du,
kisha po.
Nyuma ya kabati la vyombo, mlango mwembamba,
umepakwa rangi ileile ya ukuta ili macho yapite.
Ngazi. Vidato kumi na tisa.
Zile za mbele ni pana, mtu hushuka akijionyesha;
hizi zinapokea nusu ya wayo,
na hazina kishikio,
kwa kuwa mikono ilikuwa na sinia.

Babu yangu mzaa mama, Mwinyikondo,
alipika na kutandika katika nyumba ya namna hii,
pengine hii, pengine ya jirani. Hakupenda kusimulia.
Alisema neno moja tu: "Nilikuwa napita ukutani."
Sisi tukadhani ni uchawi,
tukajigamba shule nzima ya Buguruni.

Namulika kwa tochi ya simu.
Chokaa imebambuka kote, isipokuwa mstari mmoja,
usawa wa bega, laini, unang'aa kama mpini wa jembe kuukuu,
unapinda pale ngazi inapopinda.

Si lake peke yake. Mabega mangapi, miaka mingapi.
Naegemeza langu: limepita juu kwa vidole vinne.
Mimi nilikuzwa kwa maziwa aliyoyanunua yeye.

"Hesabu imekubali!" Abeid anaita kutoka chini.
Imekubali.
Mlango una alama yake kwenye mchoro, dirisha lina yake,
ngazi ina mshale wa kupanda.
Mstari huu hauna.
Nachonga penseli, nauchora bila rula,
na pembeni naandika kimo kutoka kwenye kidato:
mita moja na nukta tatu nane.