Paka wa Darini

Mwezi wa saba, Buruburu. Jua limesusa
wiki ya pili sasa,
na paka asiye na mwenyewe amehamia darini kwetu.
Usiku namsikia akijigeuza juu ya tangi la maji ya moto,
akikoroma kama mtu aliyelipa kodi.

Stima nalipa mimi.
Nanunua tokeni Jumatatu, Alhamisi mita inalia,
taa yake nyekundu imenikodolea
kama mdai mlangoni.
Nikamshuku mwanangu na pasi yake.
Nikamshuku mpangaji wa chumba cha nyuma.
Nikazima friji usiku, maziwa yakachacha.

Akaja fundi Kerubo na ngazi yake,
viatu akaviacha mlangoni ingawa nilimkataza.
Akapanda, akamulika huku na huku, akanyamaza,
kisha akaniita:
"Mama Nasimiyu, weka kiganja hapa."
Nikaweka. Joto tamu,
kama shavu la mtoto aliyeamka sasa hivi.
"Linafanya kazi," nikasema kwa fahari.
"Linavuja," akasema.

Maji yakivuja husema ndo, ndo, ndo:
utatega ndoo, utaita mtu.
Joto halisemi.
Hupenya mabati usiku kucha
likaenda kuyapasha mawingu ya Julai
yasiyojua kushukuru,
na asubuhi unalinunua upya.
"Paka alijua kabla yako," akasema Kerubo,
akashuka akipangusa vumbi magotini.

Jumamosi alirudi na blanketi la sufi ya kioo
lenye mgongo wa karatasi ya kung'aa,
na mirija myeusi ya sponji, laini kama ulimi.
Akalivika tangi koti, akalifunga mikanda mitatu.
Mabomba akayavalisha mikono mirefu
toka darini hadi bafuni, hata kwenye viwiko.
Kifuniko cha waya akakiacha wazi,
na vali ya kupumulia pia:
"Anayelala hufunikwa," akasema. "Hazibwi pua."

Mama yangu ana baridi yabisi.
Saa kumi na moja alfajiri vidole vyake ni ngumi,
na mimi husimama bafuni nikingoja bomba
limalize kutema baridi yake,
ndoo nzima ikienda bure.

Jana stima ilipotea tangu saa mbili usiku.
Alfajiri nikafungua bomba bila tumaini,
tochi ya simu mdomoni.
Yakaja. Si ya kuunguza,
lakini yakaja na mvuke mwembamba.
Mama akatumbukiza mkono,
kidole kimoja kikafunguka, cha pili kikafuata.
"Nani kachemsha, na giza hili?"
"Ni ya jana," nikasema. "Yalikuwa yamelala."

Na paka?
Usiku ule wa kwanza alilizunguka tangi mara mbili,
akalikanyaga, akalinusa,
akalia kilio kimoja cha mtu aliyefukuzwa bila notisi.
Tangu hapo dari yetu ni kimya, ni baridi kama kaburi,
jinsi dari inavyotakiwa kuwa.

Nasikia amehamia kwa Bwana Musembi, nyumba ya tatu,
ambaye jana alinisimamisha getini
akilalamika kwamba kuna mtu anamwibia tokeni.

Nitamwambia.
Kesho, labda.
Julai haijaisha,
na paka naye ana mifupa.