Mwanamke wa Maneno

Kilimani, ndani ya nyumba ya nyaraka,
nimefungua daftari la tajiri Valji, la mwaka wa ishirini na sita.
Daftari halisahau kitu:
marobota arubaini na mawili kutoka Uholanzi,
la saba limelowa,
la kumi na tisa limetobolewa na panya,
ushuru wa forodha, mafuta ya taa, kamba,
ujira wa hamali, jina la hamali, jina la baba yake hamali.
Na chini kabisa, wino umefifia:
"Mwanamke wa maneno, rupia mbili."

Nimeusoma mstari huo kama achaguaye chuya.
Hata paka wa ghalani kaandikwa jina.
Simba: dagaa wa pesa nne kwa wiki.

Nikarudi Kikwajuni kwa bibi yangu Mishi,
asiyesoma madaftari, mwenye ufunguo wa sanduku.
"Yule wa Miembeni? Mwana wewe!
Unguja nzima ilikuwa ikimvaa."

Chuoni, anasema, alifika Yasini, ndipo wakamwoza.
Mume akafa, akaacha deni na cherehani mbovu.
Basi akawa anakaa nyuma ya duka, pale Darajani
(mbele ni pa wanunuzi),
anatoboa kofia, sindano mdomoni,
na wanawake wanamjia vifua vimejaa:
wifi kasema hivi, mke mwenza kapita akicheka,
mtoto wa jirani kamwaga uji makusudi.
Husikiliza mpaka mwisho. Hajibu.
Kisha huomba karatasi, hata ya kufungia bizari,
akaandika, kulia kwenda kushoto, mstari mmoja tu.
"Haya, nenda kalale.
Hasira yako inakwenda Ulaya. Itarudi na rangi."

Miezi sita baadaye inashuka bandarini
nyekundu na nyeusi, doti kwa doti:
"Chumvi yangu, chungu chako?"
"Usinihesabie wageni, hesabu vikombe vyako."
Watoto wakazaliwa juu ya maneno yake.
Maiti wakafunikwa.
Wake wenza wakaamkiana sokoni kwa migongo.
Na kwenye pembe, daima, jogoo mdogo: alama ya Valji.

Bibi anazitandua moja moja.
Udi, karafuu, na mende mmoja aliyekauka.
Herufi ni zile za zamani, nami nazifuata kwa kidole
kama mtoto wa alifu kwa ujiti:
"Maradhi umeyataka, kidawa waniombani?"
Ya pili:
"Kidawa kidogo, mpe mwenye donda."
Ya tatu, ukingo umeliwa:
"Kidawa hakiuzwi dukani."

Bibi, jina lake nani huyu mwanamke?
Anatafuta. Anashika paji la uso.
"Binti Mcha... binti Mcha nani vile..."
Kisha anaitazama nguo iliyo mapajani mwangu
na anaanza kucheka, mpaka anakohoa.

Miaka yote ile alikuwa kasaini.
Kwenye nguo ya tajiri, mbele ya macho ya tajiri,
aliuvua utu wake akavaa ki-,
akajifanya chupa, akajifanya mzizi, kitu,
akapita forodhani bila kutozwa ushuru wa jina.
Nasi tukajitanda, tukabebea wana,
tukafutia mikono yenye shombo,
tukidhani tunasoma habari za dawa.

Jioni bibi kajifunga ile ya tatu,
anakwenda kununua mkate wa mofa.
Naangalia mgongo wake ukipinda kona ya msikiti.
Kijana kwenye vespa anampisha. Hasomi.
Nami mlangoni, peke yangu, kwa sauti,
naisahihisha sarufi:

Kidawa hauzwi dukani.