Kodi ya Si

Ndaki kanichorea kwa mkaa ukutani:
mistari sita wima, minne imelala,
na vidoti vitatu kama mavi ya mjusi.
"Hiyo ndiyo Si," kasema. "Ukiipata hiyo
nyingine zitakuja zenyewe."
Mwongo.
Huku juu Mabatini hakuna kijacho chenyewe.
Hata maji ya kunywa twayapandisha kichwani,
jiwe kwa jiwe.

Gita lina ufa ubavuni.
Nililikomboa kwa fundi viatu wa Igogo
kwa elfu arobaini na vichwa sita vya sangara.
Waya ya sita ni ya breki ya baiskeli.
Ndaki anasema haina neno, kwenye Si
waya ya sita haiguswi.

Kila pingili ya shingo yake yeye huiita chumba.
Kidole cha shahada, chumba cha kwanza.
Cha kati, chumba cha pili.
Cha pete, chumba cha tatu, waya ya tano,
mbali,
kama choo cha uani usiku wa mvua.

Chanda chema huvikwa pete, walisema.
Changu huivua kila alfajiri getini,
mlinzi anaitia kwenye kopo la kahawa
pamoja na za wenzangu, zikigongana,
ndipo tuingie kwenye minofu na barafu.
Miaka kumi na moja mkono wa kulia unakata,
wa kushoto unashika.
Wa kulia una akili, una kisu, una sifa.
Wa kushoto unashika tu.
Leo huu mjinga ndio nauambia: haya, sema.

Nilidhani hautauma.
Vidole hivi vilishakufa ganzi zamani,
chai ya moto navipasha navyo havijui.
Vinauma.
Kila ncha imechorwa mfuo mwembamba,
kama aliyelalia mkeka.

Napiga.
Pu. Ti. Pu. Ti-ti.
Tumbo la kidole cha shahada
limeegemea waya ya kwanza
kama mlevi kwenye mlango wa jirani.
Sogea, baba. Si kwako hapo.
Anasogea, wa pete anahama.
Namrudisha wa pete, wa kati analala.
Ukiziba hapa panavuja pale,
na kibatari kinaniangalia bila huruma.

Siku ya tisa, au ya kumi,
kandambili za Mzee Lushinge zikapiga mwamba.
Najua mwendo wake wa tarehe tano.
Akasimama mlangoni, ziwa nyuma yake
kipande kidogo, sawa na kitambulisho.
"Kodi iko wapi?"

Sijui shetani gani alinipanda.
Nikapanga wapangaji wangu watatu, kila mtu chumbani kwake,
nikashusha kidole gumba.
"Hii hapa."
"Si hiyo!"
"Ndiyo hiyohiyo, mzee. Si."

Akanitazama muda mrefu.
Ile waya ya kwanza, naapa, ilikuwa bado inalia,
nyembamba, kama mbu aliyeshiba.
Hakucheka. Akakung'uta kandambili,
akasema Jumamosi, na asikute utani,
akashuka. Pale penye jiwe la kufulia
nikamsikia anasimama kidogo.
Nikajaribu tena.
Pu.

Asubuhi, zamu ya kwanza, glavu, barafu,
sangara wa kilo saba kajinyoosha mbele yangu.
Kisu kilikuwa tayari, cha kulia chake.
Wa kushoto ukatambaa peke yake mgongoni mwa samaki:
shahada hapa,
kati pale,
pete kule mbali kwenye pezi.
Vikatulia. Havikugusana.

"Nyanzobe!" msimamizi akapayuka. "Shika samaki!"

Nimeshika.