Nyuma ya Kabati

Ndimyake anasema tupige jipsam juu yake, yaishe.
"Dada Gwantwa, ukuta huu ukiufumua, utalia nao."
Namwambia, chemsha maji.
Nje Tukuyu inanyesha kama ilivyozoea,
bila hasira, bila haraka,
mvua ya mtu anayelipwa kwa mwezi.

Tunalowesha kwa sifongo: maji moto, siki,
kipande cha sabuni ya kufulia.
Bluu inavimba, inatoka malengelenge.
Hii ni ya harusi ya Tumpale,
galoni mbili zilizopakwa usiku mmoja kabla ya wakwe kufika;
harufu yake ilikaa hadi kwenye wali.
Chini ya bluu, chokaa.
Chini ya chokaa, karatasi ya maua
kutoka nyumba ya meneja wa chai,
majora saba aliyoyabeba baba begani
siku meneja alipofunga mizigo.
Akaibandika kwa uji wa unga wa ngano.

Unga ule, acha nieleze.
Ulikuwa mwaka wa foleni. Kilo nne, kwa kibali.
Mama aliusimamia tangu alfajiri, mimi nikiwa mgongoni;
maandazi yake alikwisha kuyahesabu kichwani,
na wateja wake, na chenji yao.
Alikwenda kisimani. Aliporudi
sufuria ilikuwa inatokota,
baba ana brashi mkononi, anapiga mluzi.
Nasikia siku tatu mama aliongea na kuku tu.

Na baada ya yote hayo
ndege aliwabandika kichwa chini.

Ndege wa vifua vyekundu, wasiojulikana Rungwe nzima,
walining'inia kama popo, kuta nne,
na maua yakidondokea dari.
Mgeni akiuliza, baba anapandisha mguu juu ya mguu:
"Ndivyo walivyo. Ndege wa kwao."
Utotoni nililala kichwa nje ya kitanda
ili wapate kusimama,
mpaka damu inijae masikioni.

Sasa wanatoka kwa ukubwa wa kucha.
Mdomo. Bawa. Nusu ya jicho.
Pengine mende wamekula uji wote,
karatasi imebaki imesimama yenyewe, kwa mazoea;
pengine imeng'ang'ania hadi skrepa inang'oa udongo.
Ndimyake anahesabu siku zake kwa sauti, nisikie.

Siku ya nne tunafika kwenye kabati la mninga.
Wapaka rangi wa harusi walilizunguka tu.
Tunasukuma wawili, tunapumzika, tunasukuma.

Nyuma yake hakuna bluu.
Kuna upana wa jora moja, na wekundu wake wote,
na ndege wamesimama
kila mmoja kwa miguu yake, juu ya tawi lake.

Kumbe alijua.
Jora la saba, uji umebaki wa kukomba,
ndipo aliona. Sijui kama alicheka.
Najua alilisukuma kabati hili peke yake,
usiku, bila kumwamsha mtu,
na asubuhi akaanza kusema ndivyo walivyo
na akasema hivyo hadi tukamzika.

Mama yuko jikoni, anamenya ndizi.
"Mmefika nyuma ya kabati?"
Hatujibu.
"Hapo nimefagia kila Jumamosi,
miaka thelathini na minane."
Kisu kinaendelea, ganda linaanguka kwenye beseni.
"Alikuwa ananisubiri niulize."

Ndimyake ameloweka sifongo, maji yanamchuruzika kiwikoni.
Ananitazama mimi, anatazama mlango wa jiko.
"Basi na hapa tukwangue?"

"Rudisheni kabati," mama anasema,
"na mfunge huo mlango, mnaingiza baridi."