Dakani

"Utengeneze," alisema Bi Mwanashee, "lakini usitie mato."
Akavuta kiti chake karibu na bega langu
kama askari aliyepewa hewa ailinde.

Mle mna harusi za miaka kumi na minne,
za Mkomani, za Langoni, mbili tatu za Matondoni:
wanawake wa watu, nywele wazi, hina mbichi hadi viwikoni,
nyanya wa bibi harusi akicheza kavua miwani.
Ziko kwenye diski mbili, pacha:
neno aambiwalo Hasani, Huseni hulinukuu.
Haziwezi kupelekwa Mombasa kwa mafundi wasiojulikana.
Nikaitwa mimi, mwana wa marehemu Bi Zena mshoni.

Stima ilikatika Jumapili, ikarudi Jumatatu usiku.
Kompyuta iliwaka, ikajipapasa kifuani,
ikasema: sina pa kuanzia.
Mpwa wake alijaribu kuiamsha kwa flashi.
Mashine ikamuuliza kwa upole:
diski hizi ni mpya, niziandae?
Kidole kilikuwa njiani.
Ni adhana ya alasiri iliyomwondoa kitini.

Nikaizima, nikaiwasha,
nikabonyeza kitufe cha kufutia, tena, na tena.
Ajabu, kitufe cha kufutia ndicho cha kubishia hodi.
Skrini ya buluu ikafunguka.

Hili ndilo daka la mashine.
Hapa hapana sura ya mtu:
pana saa, pana joto, pana orodha ya vitasa.
Mgeni asiyepaswa kupita ndani huketi hapa,
akanywa kahawa yake, akaulizwa hali, akaenda zake.

Tarehe: mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Mimi niko darasa la sita. Mama yu hai.
Basi nikajua ni betri,
kile kidonge cha fedha kwenye bodi
kinachokumbuka mambo madogo wengine wakilala.
Kimekufa, na mashine imeamka na adabu za kiwandani.

Nikashuka hadi kidhibiti cha diski.
Pameandikwa AHCI.
Si kosa; ndivyo waitwavyo walio wengi,
kila mmoja kwa jina lake, kila mmoja na mlango wake.
Lakini hawa walilelewa kwa RAID,
sahani moja, shuka moja,
na ukimwita mmoja peke yake
anakutazama tu.

Hazikuwa tupu zile diski, wala hazikuharibika.
Aliyepotea ni msomaji.

Nilitia betri mpya, niliyoinunua kwa fundi saa.
Mshale chini, mshale chini. RAID.
Tarehe niliiacha mwisho.
Siku, sawa. Mwezi, sawa.
Kwenye mwaka kidole kikasita.

*Uhifadhi na kutoka?*
Ndiyo.

Nikainuka, nikageukia ukuta,
nikahesabu vidaka vyake: kumi na kimoja,
kimoja kina chupa ya marashi iliyokauka.
Nyuma yangu Hasani alikohoa, Huseni akaitikia.
Kisha kimya. Kisha kipanya, tk, tk.
Kisha pumzi ya mtu aliyekuwa kaizuia tangu Jumapili.

"Wako."
"Wote?"
"Wote." Akanyamaza.
"Na mamako yumo. Harusi ya dadako.
Kaketi mkekani, kanyosha miguu, yuwacheka.
Wewe mwanawe, huna dhambi. Geuka, ukitaka."

Lakini mama hakuketi peke yake.
Kulia kwake wake za watu, kushoto wake za watu,
na mimi nilikuja kwa ajili ya vitasa.

Nikauliza ukuta:
"Anamcheka nani?"

"Mimi," alisema Bi Mwanashee.
"Nilisahau kufungua kifuniko cha kamera."

Nilitoka na betri iliyokufa mfukoni,
nyepesi kama kifungo cha shati,
kifungo ambacho yeye angekishona
bila kunivua.