Konzi

Saa kumi na moja alfajiri, Aizawl bado imezama ukunguni,
nyumba zimening'inia mteremkoni kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Nabandika sufuria, napima mchele vikombe vitatu,
na kabla ya kuosha natia mkono,
natoa konzi moja, nalitumbukiza koponi,
kopo la bati lililokuwa la maziwa ya unga.
Konzi la Bwana. Mama alifanya hivi, na mama yake mama,
asubuhi na jioni, kila chungu kilipopanda jikoni.
Anayepita dirishani atadhani nachambua mawe.

Nakiri: mkono wangu ni mjanja.
Bei ilipopanda, vidole vilijikunja vyenyewe,
konzi likawa chopa,
chopa likawa punje za kubana kwa ncha za vidole,
na midomo ikaendelea na sala ileile, bila kukosa neno.
Siku nyingine nilijazia chenga
nilizokuwa nimewawekea kuku.
Nani angejua? Kopo halina macho.

Na kufunga? Nilifunga.
Nilifunga chai, nyama ya nguruwe, hata tambuu yangu ya mchana.
Nilichosahau kufunga ni mdomo.
Saa nne nilimfokea Remruata kwa kumwaga sukari,
saa sita nilikuwa ngazini
nikimpigia Biakveli kelele za maji.
Bomba ni moja; pipa letu linalia debe, lake limejaa.
"Usiku unafungua koki, nakusikia!"
Kisha nikapanda kanisani, tumbo tupu, kifua kimejaa,
nikaimba sauti ya pili.
Nikasifiwa.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kukusanya.
Gunia begani, ngazi mia na zaidi, mlango kwa mlango:
kwa mwalimu Hrangchhunga, kwa vijana wa gereji,
kwa bibi Darthuami anayenishika mkono
mpaka nisahau nyumba inayofuata.
Nyumba inayofuata nilikusudia kuiruka.

Mlango ulikuwa wazi.
Biakveli alikuwa anapika uji,
ule uji wa kumfanya mchele aonekane wengi.
Mwanawe amelala, homa, kitambaa chenye maji pajini,
na ndoo tatu kando ya kitanda.
Kumbe ndiko yalikokwenda yale maji ya usiku.
Hakueleza. Nami sikuuliza.
Alichukua kopo lake, akalimimina guniani:
mchele mzima, mweupe, uliopepetwa,
makonzi kumi na manne. Niliyapima kwa jicho, Mungu anisamehe,
siku saba, mara mbili kwa siku.
Halikukosekana hata moja.

Utotoni, shule ya Jumapili, nilipigwa konzi utosini
kwa kucheka wakati wa sala.
Hili lilitua palepale.

Usidhani niliamka Jumatatu mtakatifu.
Zaburi bado zinanisinzisha.
Nusu ya sala zangu ni hesabu ya madeni.
Usiku nashuka kuelekeza mpira wa maji kwenye pipa la Biakveli,
na usiku mwingine nashuka nikinung'unika,
kandambili moja mguuni, nyingine sijui iko wapi.
Hatujawa marafiki. Tunasalimiana.

Ila asubuhi, kabla ya kuuzamisha mkono,
naukunjua kwanza, kiganja juu,
naukagua kama mtoto anayekwenda shule.
Ndipo nachota.

Leo mkono ulijaa kupita kiasi,
punje sita zikadondoka nje ya kopo.
Nikapiga magoti kuziokota sakafuni,
moja, mbili, ile ya tatu chini ya jiko,
na nikiwa hapo chini, shavu karibu na majivu,
nikakumbuka kwamba leo sijaomba.